Mshale wa Joto la Injini Unapanda na Kushuka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari wa Mtwara na Lindi

Kusini magari yetu yana kazi. Kuna joto la Novemba na Desemba, hewa ya chumvi kuanzia Mtwara mjini hadi Kilwa, maji ya visima, na msimu wa korosho ambapo Noah na Probox hubebeshwa mzigo wa lori. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi gereji kila wiki. Majibu yanahusu zaidi magari madogo ya petroli. Dizeli na magari ya mizigo yako mwishoni.

Jambo moja kabla ya yote: usinunue spea yoyote mpaka ujue mshale unapanda wakati gani na unashuka wakati gani. Watu wamebadilisha rejeta (kile kipoza maji cha mbele ya injini), pampu na feni kwa mfululizo, kumbe tatizo lilikuwa waya.

## Mshale wenyewe

1. Mshale unatakiwa ukae wapi?

Injini ikishapata moto, kwenye magari mengi mshale hukaa karibu na katikati au chini yake kidogo, na hutulia hapo. Wakati huo maji huwa na joto la nyuzi 85 hadi 100 hivi. Kwenye Toyota nyingi mshale umetulizwa makusudi kiwandani: maji yanaweza kupanda au kushuka nyuzi kumi na kitu bila mshale kutikisika. Kwa hiyo ukiuona umeacha mahali pake pa kila siku, hata kwa upana wa mstari mmoja, joto limeshabadilika sana. Usisubiri ufike kwenye H, upande wa moto.

Piga picha ya dashibodi siku gari halina tatizo, injini ikiwa imepata moto. Siku ya mashaka utakuwa na cha kulinganisha.

2. Gari langu halina mshale, lina taa ya bluu na nyekundu tu. Nifanyeje?

Ya bluu inasema injini bado ni baridi, na inapaswa kuzimika yenyewe baada ya dakika chache. Nyekundu ina maana simama sasa hivi. Kati ya hizo mbili huambiwi kitu, na hapo ndipo gasketi nyingi za hedi, yaani zile za kuziba kati ya hedi na bloku ya injini, zinapoungulia. Mwenye gari la namna hii anahitaji kile kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, cha swali la 14, kuliko mtu mwingine yeyote. Bluu ikiwaka tena ukiwa mwendoni, nenda swali la 6.

3. Kuchezacheza kidogo ni kawaida?

Kwenye baadhi ya magari, ndiyo: feni ikiwaka mshale unashuka kidogo, ikizima unapanda kidogo. Kama gari lako limefanya hivyo tangu ulinunue na kulanti (maji ya kupozea injini) haipungui, liache. Kama ni tabia mpya, si kawaida.

## Kusoma dalili

4. Unapanda nikiwa nimesimama au kwenye foleni, nikianza kutembea unashuka. Tatizo nini?

Feni. Gari likitembea, upepo wa njiani unapoza rejeta. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Washa kiyoyozi uangalie mbele: kwenye magari mengi feni inapaswa kuzunguka palepale. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei, ile swichi ndogo ya umeme kwenye boksi la fyuzi. Rilei ni rahisi kupima kwa kuibadilisha na nyingine yenye namba ileile kwenye boksi hilohilo. Ya honi mara nyingi inafanana nayo.

Vikiwa vizima vyote, zima gari na uchunguze mota. Zungusha pangaboi kwa mkono. Likiwa zito au linakwaruza, beringi zimekwisha. Likizunguka vizuri, washa tena gari na kiyoyozi, kisha gonga mgongo wa mota polepole kwa mpini wa bisibisi, vidole vikiwa mbali. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, brashi za ndani zimelika, na utakuwa umejua bila kununua kitu. Fundi wa umeme anaweza kuzibadilisha brashi, si lazima ununue mota nzima.

5. Unapanda nikiwa mwendo kasi au kwenye mlima, nikipunguza unashuka. Na hiyo je?

Hii ni kinyume cha swali la 4. Upepo upo, lakini maji hayazunguki ya kutosha au rejeta haitoi joto. Wanaopanda Newala wakitokea Masasi wanaijua: tambarare gari linatulia, mlimani mshale unaanza safari. Sababu ziko nne, na nazipanga kwa jinsi zinavyotokea sana huku kwetu.

Ya kwanza ni rejeta iliyoziba ndani kwa kutu na chokaa. Pasha injini moto, zima, toa ufunguo, halafu pitisha kiganja karibu na mapezi ya rejeta bila kuyagusa. Ukikuta sehemu ya baridi katikati ya sehemu za moto, mirija ya hapo haipitishi maji. Ya pili ni rejeta iliyoziba nje kwa vumbi na wadudu, hasa kwa wanaokwenda Liwale na vijiji vya ndani. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu, ukitokea upande wa injini kuelekea nje. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi na kukuongezea tatizo.

Ya tatu ni pampu ya maji ambayo mapanga yake yameliwa na kutu, na hii huwapata waliotembea miaka kwa maji matupu. Ya nne ni mpira wa chini wa rejeta uliolegea, unaofyonzwa na kubanana injini ikipanda mizunguko. Mtu akanyage mafuta gari likiwa limesimama, wewe angalia mpira. Ukijibana, umemkamata mwizi.

Zote nne zikiwa sawa, nenda swali la 15.

6. Mshale haufiki katikati, au unashuka kuelekea C, upande wa baridi, nikiwa barabara kuu.

Themostati, yaani kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imekwama wazi, au fundi aliyepita aliitoa. Maji yanapita kwenye rejeta muda wote na injini haipati joto lake. Wengi wanafurahi wakidhani gari linapoa vizuri. Gari hilo linakunywa petroli zaidi, kwa sababu kompyuta inadhani injini bado ni baridi, na oili haipati moto wa kukausha unyevu. Weka themostati mpya. Kama ilitolewa makusudi, soma swali la 11.

7. Unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, hata mwendo ukiwa uleule.

Hapa ni kulanti pungufu, hewa iliyonaswa ndani, au themostati inayokwama na kujiachia. Hewa ndiyo inayoongoza, hasa kama gari limetoka gereji wiki hiyo: wamebadilisha mpira au pampu, wakajaza maji juujuu, wakafunga. Dalili nyingine ya hewa ni sauti ya maji yakichuruzika nyuma ya dashibodi unapowasha gari. Kuitoa, swali la 10.

8. Mshale unaruka ghafla, sekunde hii katikati, sekunde inayofuata karibu na H, kisha unarudi.

Maji lita tano au sita hayawezi kupanda nyuzi thelathini kwa sekunde moja, wala kupoa kwa sekunde moja. Mshale unaoruka hivyo unasema habari za umeme. Ukiwasha taa kubwa au indiketa mshale ukasogea, umeshapata uthibitisho: ethi, yaani waya unaounganisha betri na bodi na injini, ni mbovu.

Fungua boneti, fuata waya mweusi kutoka terminali hasi ya betri mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, Shangani au Mikindani, mara nyingi utakuta bolti imefunikwa unga wa kijani na mweupe, na pete ya waya inazunguka ukiigusa kwa kidole. Fungua, piga msasa pete na chuma mpaka ving'ae, kaza, paka grisi juu yake. Ukiwa na mita ya umeme, weka kwenye volti, injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa. Ncha moja kwenye terminali hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Ikizidi volti 0.2, ethi haijakaa sawa.

Ethi ikiwa nzima, hamia kwenye soketi ya sensa ya joto, karibu na mahali themostati inapokaa. Tikisa waya wake huku mwenzako akiangalia mshale. Sensa yenyewe ukiipima kwa mita huwa na omu 2,000 hadi 3,000 ikiwa na joto la nyuzi 20, na hushuka hadi omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Hizo ni namba za Toyota nyingi. Magari mengine yanatofautiana kidogo, lakini lazima omu zishuke joto likipanda, bila kurukaruka.

Kuna mruko mmoja ambao si wa umeme na ni wa hatari. Uko swali la 20.

## Kupima na kurekebisha

9. Nikiwa nyumbani, bila vifaa, nianzie wapi?

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta wenyewe, usiishie kuangalia kopo la akiba. Kopo linaweza kuwa limejaa na rejeta iko nusu, kwa sababu mfuniko mbovu haurudishi maji ndani. Kulanti inapaswa kufika shingoni.

Kisha angalia mfuniko. Raba yake isiwe imepasuka, springi isiwe imelegea. Juu umeandikwa 0.9 au 1.1, na namba hiyo si pambo. Ni shinikizo. Kwa mfuniko wa 1.1, maji yanachemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Ukifunga mfuniko wowote uliookota, au ukafunika kwa nailoni, umeyafanya maji yachemke mapema. Mfuniko ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo huu, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Mwisho, pitisha macho kwenye mipira na chini ya pampu kutafuta alama za kulanti iliyokauka, na uangalie mkanda wa pampu kama umelegea.

10. Hewa inatolewaje?

Liegeshe gari pua ikiwa juu, kwenye mwinuko. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, washa hita kwenye moto wa mwisho na feni yake ndogo. Jaza taratibu mpaka shingoni. Washa injini, mfuniko ukiwa wazi, na minyaminya mpira wa juu. Utaona mapovu yakitoka na kiwango kikishuka. Endelea kuongeza mpaka mapovu yakome, kisha funga kabla maji hayajaanza kufurika kwa moto. Acha feni iwake na kuzima mara mbili, zima gari, na asubuhi angalia tena kiwango. Baadhi ya injini zina skrubu ndogo ya kutolea hewa karibu na themostati. Kama ipo, itumie.

Mapovu yasipokoma hata baada ya nusu saa, hiyo si hewa iliyonaswa. Swali la 15.

11. Fundi anasema huku kwetu ni joto, tuitoe themostati. Nikubali?

Hapana, na hapa sitapepesa maneno, kwa sababu ushauri huu umeharibu injini nyingi Kusini. Themostati haipo kwa ajili ya nchi za baridi. Ipo ili injini ifanye kazi kwenye joto lililopangwa, na inafunguka karibu nyuzi 82 iwe Mtwara au Makete.

Kuna ubaya ambao wengi hawajauona. Themostati za injini nyingi zina sahani mbili. Ya kwanza inafungua njia ya kwenda rejeta, ya pili wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Tambarare hutaona kitu. Ukipandisha mlima na mzigo, gari linachemsha, na fundi yuleyule atakuambia sasa ni rejeta.

Kama baada ya kuitoa mshale ulitulia, basi themostati ilikuwa imekufa au rejeta imeziba. Mweleze fundi kwa heshima, kwamba unataka mpya yenye namba ileile ya joto iliyogongwa kwenye ile ya zamani.

12. Nitajuaje themostati ni nzima kabla ya kuifunga?

Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni bila kugusa chini, pasha moto. Maji yakikaribia nyuzi 82 inaanza kufunguka. Yakikaribia kuchemka iwe imefunguka karibu milimita 8 au zaidi. Itoe, na ipoapo ijifunge yote. Hata mpya ipime, maana spea bandia zipo. Wakati wa kufunga, kile kitundu kidogo chenye kipini kielekee juu ili hewa ipite.

13. Nifunge feni moja kwa moja iwe inazunguka muda wote?

Kufika nyumbani, sawa. Kukaa nayo hivyo, hapana. Mota inachoka mapema, waya usio na fyuzi yake unaweza kuungua, na kilichoifanya feni isiwake, ambacho huenda ni sensa ya joto inayoiambia kompyuta uongo, kinabaki palepale.

14. Kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kinasaidia?

Sana. Kile kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu kinaonyesha joto la maji kwa namba. Mshale ukiruka huku namba imetulia kwenye 90, tatizo ni dashibodi, waya wa mshale au sensa yake, maana baadhi ya magari ya zamani yana sensa mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya mshale. Namba ikipanda pamoja na mshale, joto ni la kweli. Kodi (namba ya hitilafu) ya P0128 inaelekeza kwenye themostati. P0117 na P0118 kwenye sensa au waya wake. Hakikisha tu gari lako linakubali kifaa hicho, maana baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki vizuri.

15. Nitajuaje kama ni gasketi ya hedi?

Kulanti inapungua na huoni inapovujia. Mapovu kwenye rejeta hayakomi. Mipira inakuwa migumu dakika mbili tatu tu baada ya kuwasha injini ya baridi. Moshi mweupe wenye harufu tamu hauishi hata injini ikipata moto. Oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Moja tu kati ya hizo inatosha kukupeleka kwa fundi mwenye dawa ya bluu ya kupimia, ile inayogeuka njano ikinusa moshi wa injini kwenye rejeta.

Ikithibitika, hedi ipelekwe kwenye mashine ikapimwe na kusawazishwa. Kubadilisha gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kulipa fundi mara mbili.

## Maji na kulanti

16. Naweza kujazia maji ya kisima?

Ya dharura njiani, jaza chochote kisicho cha bahari. Ya kudumu, hapana. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na ule ukoko mweupe ulio ndani ya birika lako la chai ndio unaojijenga ndani ya mirija ya rejeta. Tumia kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Dukani ukiomba maji ya betri, hakikisha unapewa maji na si asidi. Yote mawili huitwa hivyo.

17. Nyekundu, kijani, pinki: naweza kuchanganya?

Usichanganye. Rangi peke yake haikuambii dawa iliyomo, na baadhi zikikutana zinaganda kama uji. Kama hujui iliyomo, mwaga yote, suuza, weka aina moja.

18. Poda za kuziba, au manjano ya jikoni, zinafaa?

Zinaziba tundu, na zinaziba pia mirija ya rejeta na ya hita. Mpelekee fundi rejeta azibe panapovuja.

## Barabarani

19. Mshale umepanda katikati ya Nangurukuru na Lindi, hakuna gereji. Nifanye nini?

Zima kiyoyozi. Washa hita moto wa mwisho na ufungue vioo. Itakuchoma lakini inaondoa joto kwenye injini. Tafuta kivuli usimame. Kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika na feni inazunguka, acha injini iungurume dakika moja mbili uone kama mshale unashuka. Usiposhuka, au ukiona mvuke, zima papo hapo.

Mfuniko usiuguse. Maji yaliyo chini yake yana moto kupita wa kuchemka na yatakurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuungua na uuone umelegea, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi. Kisha funika kitambaa kinene, fungua robo mzunguko, acha ipumue, ndipo ufungue. Ongeza maji kidogokidogo injini ikiwa inaunguruma. Maji baridi juu ya hedi ya moto yanaweza kuipasua.

Abiria wakikuharakisha, waambie ukweli: kusubiri kunagharimu saa moja, injini inagharimu msimu mzima wa korosho.

20. Ulikuwa juu, kisha ghafla ukaanguka hadi C. Gari limepoa?

Simama upesi. Sensa husoma joto ikiwa ndani ya maji. Maji yakiisha inabaki hewani na inasoma uongo, huku chuma kikiendelea kuungua. Ukiona hivyo na hita inatoa hewa baridi ghafla, rejeta ni tupu.

## Hali za pekee

21. Nina Fuso au Hiace ya dizeli yenye feni inayozungushwa na injini.

Pima klachi ya feni, kile kifaa kinachoiunganisha feni na injini. Zima injini ikiwa ya moto, sukuma pangaboi kwa mkono. Likiwa na uzito na likasimama haraka, ni zima. Likizunguka huru mara kadhaa, mafuta ya ndani yamevuja na feni haikamati. Hakikisha pia kava la plastiki linalozunguka feni lipo. Wengi hulitoa na kusahau kulirudisha, na bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta.

22. Mshale unapanda nikibeba mzigo tu, nikiwa mtupu uko sawa.

Rejeta iliyoziba nusu inatosha kwa gari tupu, haitoshi kwa magunia ya korosho. Rudi swali la 5. Lakini gusa pia rimu zote nne baada ya safari, kwa nyuma ya kiganja na kwa tahadhari: moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika na injini inavuta gari lililofungwa.

Kwa gia otomatiki kuna jambo la ziada. Magari mengi hupoza mafuta ya gia ndani ya tangi la chini au la pembeni la rejeta hiyohiyo, kwa hiyo gia ikichemka na rejeta inachemka, na kinyume chake. Chomoa dipstiki ya gia. Mafuta yakiwa meusi na yananuka kuungua, yabadilishe. Yakiwa ya pinki na yamekuwa mazito kama maziwa ya mgando, kipoozi cha ndani kimetoboka na kulanti imeingia kwenye gia. Gari hilo lisiwashwe tena, lifungwe kamba livutwe hadi gereji, magurudumu yanayozungushwa na gia yakiwa yameinuliwa.